Kilo Bila Sentimita

Anayeleta hoja ya unene wa watoto katika kaunti za Migori na Homa Bay hukutana na pingamizi mapema, na pingamizi lenyewe lina nguvu. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba, kati ya watoto wa Kenya wasiotimiza miaka mitano, asilimia 18 walikuwa wamedumaa na asilimia 3 tu ndio waliokuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2014 udumavu ulikuwa asilimia 26 na uzito uliozidi asilimia 4. Watoto wanene, basi, hawakuongezeka, walipungua kidogo. Katika utafiti huo wa 2014 udumavu ulikuwa karibu asilimia 19 Homa Bay na zaidi ya asilimia 26 Migori. Mtu mwenye nia njema atauliza kwa nini tuwazungumzie wachache walionenepa ilhali mtoto mmoja kati ya wanne au watano hakufikia urefu wake. Swali hilo linachukulia kwamba njaa na unene ni maadui wawili tofauti, na kwamba lazima tumalizane na mmoja kabla ya kumgeukia mwingine. Hoja ya sura hii ni kwamba adui ni mmoja. Chakula kinachoshibisha bila kujenga ndicho humzuia mtoto asirefuke akiwa mdogo, na ndicho humnenepesha baadaye, mara nyingi mtoto yuleyule. Kaunti hizi mbili zina nafasi ya kumwahi, lakini vipimo vyao vimezoea kumtafuta mtoto aliyekonda peke yake.

Tuanze na kile ambacho takwimu za watoto wadogo haziwezi kukionyesha. Utafiti wa kitaifa humpima mtoto hadi miezi 59, kisha humwacha hadi afikishe miaka 15. Katikati hapo ndipo mwili hubadilika, na hatuna macho. Tunachokiona ni matokeo. Mwaka 2008–09 robo ya wanawake wa Kenya wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Mwaka 2014 wakawa theluthi. Utafiti wa 2022 ukataja asilimia 45 ya wanawake wazima. Wanawake hawa hawakushuka kutoka mbinguni wakiwa na miaka thelathini. Walikuwa wasichana, wengi wao wembamba, na kitu kikawapata njiani. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 na Mark Simmonds na wenzake nchini Uingereza yalionyesha kwamba mtoto au kijana mwenye unene wa kupindukia ana uwezekano wa takriban mara tano zaidi ya wenzake kubaki hivyo akiwa mtu mzima. Lakini mapitio hayohayo yalitoa tarakimu nyingine, ambayo wanaharakati hupenda kuiruka: asilimia 70 ya watu wazima wenye unene huo hawakuwa nao utotoni. Tarakimu hii haiidhoofishi hoja yangu, inainoa. Inatuambia kwamba kumsaka mtoto mnene darasani hakutoshi, kwa sababu wengi watakaougua baadaye wamekaa dawati moja naye wakiwa wembamba. Kinachohitaji kubadilika ni kile ambacho wote wanakula.

Uhusiano kati ya utapiamlo wa mwanzo na unene wa baadaye si dhana mpya. Mwaka 1976 Ravelli na wenzake walichapisha uchunguzi wa vijana 300,000 wa Uholanzi waliopimwa wakiwa na miaka 19 kwa ajili ya jeshi. Baadhi yao walikuwa tumboni wakati wa njaa kali ya 1944–45, Wajerumani walipozuia chakula kuingia magharibi mwa nchi. Waliopatwa na njaa hiyo katika nusu ya kwanza ya mimba walikuwa wanene zaidi ya wengine. Waliopatwa nayo mwishoni mwa mimba na mara baada ya kuzaliwa walikuwa wembamba zaidi. Mwaka 1996 Barry Popkin na wenzake walikuta kwamba katika nchi nne, Urusi, Brazili, Afrika Kusini na China, mtoto aliyedumaa alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na uzito uliozidi. Miaka minne baadaye uchunguzi mdogo katika mitaa ya mabanda ya São Paulo ulidokeza sababu mojawapo: miili ya watoto waliodumaa ilichoma mafuta kidogo kuliko ya majirani zao wasiodumaa. Mwili uliozoea uhaba hujifunza kuweka akiba. Ukikutana na wingi wa unga, mafuta na sukari, huendelea kuweka akiba ambayo haitahitajika.

Hapa anayehofia unene anaweza kukosea kwa upande wa pili, akasema basi tusimlishe sana mtoto mchanga. Ushahidi unamkataza. Linda Adair na kundi lake walifuatilia zaidi ya watu 8,000 waliozaliwa Brazili, Guatemala, India, Ufilipino na Afrika Kusini, wakachapisha matokeo mwaka 2013 katika jarida la Lancet. Waliozaliwa na uzito mzuri na kurefuka vizuri hadi miaka miwili walikuwa watu wazima warefu zaidi na walisoma zaidi. Madhara yalitokana na uzito uliopanda haraka baada ya miaka miwili bila kwenda na urefu. Huo ndio uliohusiana na unene na shinikizo la damu. Kwa hiyo mama wa Ndhiwa au Kehancha anayehangaika mtoto wake wa miezi minane ale samaki, yai, maharagwe na mboga hafanyi kazi ya kuzuia udumavu tu. Siku hiyohiyo anazuia kisukari cha mwaka 2060. Wala hakuna haja ya kuchagua kati ya bajeti mbili.

Je, si umaskini ndio kiini, na fedha zikija lishe itajiweka sawa? Jibu bora kwa swali hili lilitafutwa hapahapa, tena zamani. Kampuni ya sukari ya South Nyanza ilianzishwa mwaka 1976 na kiwanda chake cha Awendo kikaanza kusaga miwa mwaka 1979. Wakulima wa eneo hilo walipoanza kugeuza mashamba ya mahindi na mtama kuwa ya miwa, watafiti Eileen Kennedy na Bruce Cogill wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa sera za chakula walilinganisha kaya zilizolima miwa na zisizolima. Ripoti yao ya 1987 inafaa kusomwa na kila mjumbe wa bunge la kaunti. Kaya za miwa zilikuwa na kipato kikubwa zaidi, hilo halina ubishi. Chakula cha kaya kwa jumla kiliongezeka kiasi. Lakini kwa mtoto mdogo ongezeko lilikuwa dogo mno, na hali yake ya lishe haikuboreka kama kipato kilivyoboreka. Maradhi ya utotoni yaliendelea kumla. Walikuta pia kwamba fedha zilizokuwa mikononi mwa wanawake ziligeuka chakula kwa urahisi zaidi kuliko zilizokuwa mikononi mwa wanaume. Anayejua jinsi muwa unavyolipa hatashangaa. Zao hilo huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili kukomaa, malipo huja kwa mkupuo na mara nyingi kwa jina la mwenye shamba, na kati ya malipo na malipo familia hununua kila kitu dukani kidogokidogo, ikiwemo unga, mafuta ya kukaangia na sukari ya kupima.

Upande wa ziwa hadithi inafanana. Mtu wa mbali hudhani kwamba nyumba ya mvuvi haiwezi kukosa samaki. Watafiti walioongozwa na Kathryn Fiorella, wakifanya kazi katika kisiwa cha Mfangano, waliripoti mwaka 2014 kwamba kaya za wavuvi zilikula samaki zaidi kwa kiasi kidogo tu, na hazikuwa na uhakika zaidi wa chakula kuliko kaya nyingine. Mbuta huvuliwa kwa ajili ya viwanda na nchi za nje, na sehemu kubwa ya omena huishia kuwa chakula cha kuku. Omena huliwa mzima na mifupa yake, hivyo humpa mtoto protini na kalisi kwa bei ambayo nyama haiwezi kushindana nayo, na bado tunamtuma kwa kuku kisha tunamnunulia mtoto mandazi. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu Homa Bay na Migori hazina upungufu wa vyakula vya kujenga mwili. Kabondo hulimwa viazi vitamu, vikiwemo vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa ambavyo vina vitamini A. Mrenda, managu, saga na kunde ni mboga za nyumbani. Kinachotokea ni kwamba vyakula hivi vinauzwa vitoke, na fedha zinarudi kama chakula chenye nguvu nyingi na virutubisho vichache.

Kati ya vinavyorudi, sukari ya kunywa inastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa ushahidi dhidi yake ni wa majaribio. Uholanzi, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2012, watoto 641 wa takriban miaka 5 hadi 11 waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa kila siku mililita 250 za kinywaji chenye sukari, nusu kinywaji cha aina ileile kisicho na sukari, bila kujua nani anapata kipi. Baada ya miezi 18 wale wa sukari walikuwa wameongezeka kilo 7.37 kwa wastani, na wenzao kilo 6.35. Kilo moja ya tofauti, kutokana na kinywaji kimoja kidogo kuliko chupa ya soda ya mililita 300, ambayo ikiwa ni kola hubeba zaidi ya gramu 30 za sukari. Mwaka 2024 Tadeja Gračner na wenzake walichunguza Waingereza waliotungwa mimba kabla na baada ya mgao wa sukari kufutwa Septemba 1953. Walioishi siku zao elfu moja za kwanza chini ya mgao walikuwa na hatari ya kisukari cha aina ya pili iliyopungua kwa takriban asilimia 35, na ya shinikizo la damu kwa asilimia 20. Mgao huo haukuwa njaa. Kiwango chake kilikaribia kile ambacho wataalamu wanashauri leo. Kwa hiyo vijiko vya sukari kwenye uji wa mtoto wa miezi saba, ambavyo huwekwa kwa upendo ili anywe, vina hesabu ndefu.

Upendo huo una historia, na anayetaka kuishauri jamii hii bila kuijua atashindwa. Kwa Waluo, kukonda kusikoisha kulikuwa na jina, chira, maradhi yaliyoaminika kumpata aliyevunja mwiko au jamaa yake. UKIMWI ulipoingia ukanda wa ziwa, wengi waliusoma kwa jina hilo kwanza. Homa Bay ikawa miongoni mwa kaunti zilizoumizwa zaidi nchini, na hospitali yake ikawa miongoni mwa za kwanza za umma Kenya kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo, mwaka 2001, kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka. Kwa miaka mingi mizani ya kliniki ndiyo iliyotangaza kama mtu anaishi au anakufa, na kilo iliyoongezeka ilikuwa habari njema. Bibi aliyezika watoto wake na kulea wajukuu ana sababu zote za kufurahia mashavu yaliyojaa. Asiambiwe kwamba ni mjinga. Aambiwe ukweli ulio kamili zaidi: kwamba kilo peke yake iliaminika kwa sababu hatukuwa na kipimo kingine karibu, na kwamba mjukuu anayekua vizuri huonekana kwanza kwa urefu.

Pingamizi jingine ni la miguu. Watoto wa vijijini, wasemavyo wengi, hutembea kwenda shule, huchota maji, huchunga, na hakuna unene unaoweza kuwashika. Kuna ukweli mkubwa hapa. Robert Ojiambo na wenzake, wakilinganisha vijana wa mjini na wa vijijini upande wa Bonde la Ufa katika utafiti wa 2012, walikuta wa vijijini wakijishughulisha kwa muda mrefu zaidi na wakiwa wembamba zaidi. Jijini Nairobi, utafiti wa Stella Muthuri na wenzake kwa watoto 563 wa miaka 9 hadi 11 ulionyesha kwamba asilimia 14.4 walikuwa na uzito uliozidi na asilimia 6.4 unene wa kupindukia. Takriban mmoja tu kati ya wanane alitimiza dakika 60 za mazoezi kwa siku. Lakini ngao ya miguu hudumu kadiri mazingira yanavyoruhusu. Barabara ya Isebania kwenda Kisii ina miji inayokua kila mwaka, Migori, Awendo, Rongo. Bodaboda hubeba wanafunzi watatu kwa safari. Kibanda cha chipsi kiko mlangoni pa stendi. Na tusijifariji kwamba ni tatizo la watoto wa wenye nazo. Katika nchi maskini unene huanzia kwa wenye kipato, kama ilivyo Nairobi sasa, kisha nchi ikipanda huhamia kwa maskini. Carlos Monteiro ameonyesha mwelekeo huo Brazili. Mwaka 2025 UNICEF ilitangaza kwamba, duniani kote, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene wa kupindukia, asilimia 9.4, wamewapita wenye uzito pungufu, asilimia 9.2. Afrika kusini mwa Sahara na Asia Kusini ndizo pekee ambako hali haijawa hivyo. Maana yake kwetu ni kwamba bado tuna muda.

Muda huo una thamani kwa sababu kutibu ni kazi ngumu. Mtoto mwenye unene wa kupindukia hupata shinikizo la damu, mafuta kwenye ini, kukoroma na kukatika pumzi usingizini, maumivu ya nyonga na magoti, na kejeli za wenzake ambazo humfanya akimbie uwanja wa michezo. Jeni zina sehemu yake, na wachache sana huzaliwa na kasoro inayowanyima ishara ya kushiba. Hao huhitaji daktari bingwa. Kwa wengine, jopo linaloshauri juu ya kinga nchini Marekani lilisema mwaka 2024 kwamba matibabu yanayofaa ni ushauri wa kina kwa mtoto na familia, usiopungua saa 26 ndani ya mwaka. Ni zahanati ipi ya Uriri au Suba yenye saa 26 kwa mtoto mmoja? Sindano mpya za kupunguza uzito zinafanya kazi: katika jaribio la vijana 201, lililochapishwa mwaka 2022, kipimo cha uzito kwa urefu kilishuka kwa asilimia 16. Kuipangia kaunti afya ya watoto kwa kutegemea sindano ya kila wiki isiyo na mwisho, hata hivyo, ni kukubali kushindwa mapema. Lililo jema ni kwamba mtoto ana msaada ambao mtu mzima hana, nao ni urefu unaoendelea. Mara nyingi inatosha uzito ukae pale ulipo wakati kimo kinapanda. Na mwaka 2011 Markus Juonala na wenzake walionyesha, kwa kufuatilia zaidi ya watu 6,000, kwamba waliokuwa wanene utotoni lakini hawakuwa hivyo ukubwani walikuwa na hatari sawa na wasiowahi kunenepa.

Lakini huwezi kusubiri kimo kipande kama hukipimi. Chukua mvulana wa miaka minne kamili. Wastani wa Shirika la Afya Duniani kwa umri wake ni kilo 16.3 na sentimita 103. Tuseme huyu ana kilo 16.3 barabara, lakini urefu wake ni sentimita 92. Kwenye mstari wa uzito kwa umri, kipimo kilichozoeleka kliniki, yuko katikati kabisa na mama hupongezwa. Kwa kweli amedumaa, na kwa urefu wake ana uzito uliozidi. Matatizo mawili yamefichana ndani ya tarakimu moja nzuri. Utepe wa kupima mzunguko wa mkono hautamsaidia: nyekundu ni chini ya sentimita 11.5, njano hadi 12.5, na kuanzia hapo kijani, ambayo haina mwisho. Utepe huo uliundwa kuokoa watoto wanaokufa kwa njaa na umewaokoa. Si kosa lake kwamba tumeuachia kazi ambayo si yake. Mwaka 2023 serikali ilizindua zaidi ya wahudumu 100,000 wa afya ya jamii wenye mikoba yenye mizani, mashine ya shinikizo la damu na kipima sukari. Nyanya anapimwa sukari mlangoni pake, na mjukuu aliye kando yake hapimwi kimo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2017 unataka kila mtoto chini ya miaka mitano anayefika kituo cha afya apimwe uzito na urefu pia, na hauungi mkono kuwagawia waliodumaa chakula cha nyongeza kama utaratibu wa kawaida, kwa kuwa kinaweza kuongeza kilo bila kuongeza sentimita.

Atakayesema walimu na wauguzi wamelemewa anasema kweli, na ndiyo sababu pendekezo ni dogo: ubao wa urefu katika kila zahanati, na vipimo viwili shuleni, Gredi ya 1 na Gredi ya 6, kwa faragha, bila kusoma majibu mbele ya darasa. Pendekezo la pili ni kwamba vinywaji vitozwe kodi kwa kiwango cha sukari, na atakayehofia kwamba kodi hiyo itamuumiza mkulima wa Awendo na Ndhiwa atazame mambo mawili. Kenya haizalishi sukari inayoitosha, na sukari nyeupe iliyosafishwa ya viwanda vya soda huagizwa kutoka nje. Muwa wa Migori haumo kwenye chupa hiyo. Ushuru wetu wa sasa unahesabu lita, si gramu za sukari. Uingereza ilipoanza mwaka 2018 kutoza kwa kiwango cha sukari, viwanda vilipunguza sukari vyenyewe, na unene wa kupindukia kwa wasichana wa miaka 10 na 11 ukawa chini kwa takriban asilimia 8 kuliko ilivyotarajiwa. Kwa wavulana hakukuonekana nafuu, na hilo lisemwe wazi pia. Kodi pekee haimalizi kazi.

Mabunge ya kaunti ya Homa Bay na Migori hayahitaji kusubiri Nairobi ili kununua mbao za kupimia na kufundisha watu kuzitumia. Wewe mzazi au mlezi unayesoma haya, utakapompeleka mtoto kliniki na kuambiwa kilo zake ni nzuri, uliza urefu wake ni sentimita ngapi, na usiondoke kabla haujaandikwa kwenye kijitabu chake.